Kura ni ya Raia, Malalamiko ni ya Mkazi

Leo sizungumzii vibali wala shule. Nazungumzia ofisi iliyo karibu nasi kuliko zote, nasi tunaiogopa bure: baraza la jiji.

Nilipohamia Fordsburg nikiwa mkimbizi, maji taka yalifurika mbele ya jengo letu. Watoto waliyaruka kila asubuhi wakienda shule. Sisi tulinyamaza. Tulikotoka, anayemlalamikia kiongozi hujulikana, na kujulikana ni hatari. Jirani yangu, mama mzaliwa wa hapa, akaniambia twende mkutano wa kata. Nikamjibu, "Mama, mimi sipigi kura." Akasema, "Lakini si unakaa hapa?"

Baadaye, chuoni, niliisoma sheria yenyewe. Mama yule alisema kweli.

Hapa baraza la jiji halijitungii katiba. Linaongozwa na Katiba ya nchi ya 1996, Sura ya 7. Kifungu cha 152 kinaliagiza liwajibike kwa watu, litoe huduma, na kuwahimiza wananchi na vyama vyao washiriki. Kifungu cha 160 kinalitaka lifanye shughuli zake kwa uwazi. Kisha iko Sheria ya Mifumo ya Manispaa ya 2000. Inawapa watu wa eneo haki ya kutoa maoni, kulalamika na kujibiwa bila kucheleweshwa, pamoja na kuelezwa maamuzi ya baraza na hali ya fedha zake. Na inapoeleza watu wa eneo ni akina nani, inaanza na wakazi. Haikusema raia peke yao. Kura ni ya raia. Malalamiko ni ya mkazi.

Utauliza, maandishi hayo yana nguvu gani? Kumbukeni Oktoba 2013, jiji lilipowafagia wachuuzi katikati ya Johannesburg, hata wenye vibali halali. Vyama vya wachuuzi vilikwenda mahakamani. Tarehe 5 Desemba 2013, siku ileile aliyofariki Mzee Mandela, Mahakama ya Katiba iliamuru wanachama wao waruhusiwe kurudi kwenye meza zao wakati kesi ikiendelea. Jiji ni kubwa, lakini Katiba iko juu yake.

Sheria hiyohiyo inatupa na wajibu: kulipia huduma za jiji na kufuata sheria ndogo zake. Anayedai haki atimize na wajibu wake.

Basi fanya haya. Kwanza, jua namba ya kata yako na jina la diwani wako. Pili, ijue kamati ya kata: mwenyekiti wake ni diwani, na wajumbe wengine hawazidi 10. Tatu, mwaka wa fedha wa jiji huanza tarehe 1 Julai, na rasimu ya bajeti hufikishwa barazani kabla ya Machi kwisha. Baada ya hapo wakazi huitwa kutoa maoni. Nenda ukaseme kabla fedha hazijagawanywa. Nne, ukilalamika, andika. Omba namba ya kumbukumbu, uitunze pamoja na tarehe na jina la aliyekupokea. Neno la mdomo husahaulika, karatasi hubaki.

Sitawadanganya kwamba ni rahisi. Maji taka yale hayakuondoka kwa mkutano mmoja. Barua ya kwanza haikujibiwa, wala ya pili. Baada ya ya tatu, mafundi walikuja, na watoto wakapita pakavu.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndugu zangu, siku zetu mbili zimekwisha. Kama unaogopa kuandika, au lugha inakupa shida, njoo ofisini kwetu na shida yako, tukae tuiandike hiyo barua pamoja.