Mji Mkuu Unatuhusu Nini Sisi wa Ludewa?

Hotuba kwa wahitimu wa kisomo



Leo tunataka tuzungumze juu ya mji mkuu wa nchi yetu. Tunajua wengine watasema: "Sisi tuko huku Ludewa, milimani. Shida yetu ni mbolea na barabara. Mji mkuu unatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri, tena ni la kweli. Hatutalikimbia. Lakini kabla ya kulijibu, tujue kwanza mji wenyewe umetoka wapi.

Mji mkuu ni mahali serikali inapokaa. Ndipo sheria zinapotungwa, na ndipo fedha za nchi zinapopangwa. Mji mkuu haukuumbwa pamoja na milima na mito. Mji mkuu huchaguliwa na watu, na watu wakiamua, huhamishwa. Nchi yetu imeuhamisha zaidi ya mara moja.

MJI ULIOTAZAMA BAHARI

Wajerumani walipoanza kutawala, makao yao yalikuwa Bagamoyo. Mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Kwa nini walihama? Bagamoyo maji ya pwani ni ya kina kifupi, na meli kubwa haziwezi kusogea karibu. Dar es Salaam kuna bandari nzuri, yenye kina, iliyokingwa na mawimbi. Mtawala alikuja kwa meli, na mali aliyoichukua aliipakia melini. Basi mji wake mkuu ulitazama bahari, na sisi wa bara tulikuwa nyuma ya mgongo wake.

Lakini Dar es Salaam haikuanza na Wajerumani. Kabla yao palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima, jina lake Mzizima. Katika miaka ya 1860 Majid bin Said, Sultani wa Unguja, alianza kujenga mji karibu na kijiji hicho. Alikufa mwaka 1870, na mji ulikuwa bado haujakamilika. Jengo moja la wakati wake, Boma la Kale, lipo hata leo.

Sasa sikilizeni vizuri. Je, mji ule wa pwani uliwahusu babu zetu? Uliwahusu sana. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba. Amri ilitoka Dar es Salaam, ikafika mpaka huku. Asiyekuwa na fedha alilazimishwa kufanya kazi. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilipoanza, Wapangwa nao walishika silaha. Gavana Götzen, aliyekaa Dar es Salaam, alituma majeshi. Askari walichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Halafu ikaja Vita Kuu ya kwanza, mwaka 1914 mpaka 1918. Wanaume wa bara walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza. Wengi hawakurudi. Mnalijua jina la Kariakoo, soko kubwa la Dar es Salaam? Jina hilo limetokana na neno la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, kwa sababu wapagazi wa jeshi la Waingereza walikuwa na kambi hapo. Watu wanaponunua vitenge Kariakoo leo, wanatamka jina la mateso ya babu zao bila kujua.

Pale katikati ya mji kuna sanamu ya askari mwenye bunduki. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika vita hiyo. Zamani, mahali hapo palisimama sanamu ya Wissmann, Mjerumani aliyekuwa gavana. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, ya Wissmann iliondolewa. Chini ya sanamu ya askari kuna maandishi ya Kiswahili na ya Kiingereza. Ukifika Dar es Salaam, simama uyasome. Yanawahusu watu kama babu yako.

Basi zamani mji mkuu uliwafikia babu zetu, lakini wao hawakuweza kuufikia. Amri ilishuka. Malalamiko hayakupanda.

KWA NINI DODOMA?

Tulipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Bendera ilibadilika, lakini mji mkuu ulibaki pale pale ukingoni mwa nchi. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya serikali yahamie Dodoma. Sababu kubwa ilikuwa rahisi kuelewa. Dodoma iko karibu na katikati ya nchi. Mtu wa Kagera, wa Mtwara, wa Kigoma na wa Ludewa, wote waweze kufika. Serikali nayo iishi kati ya wakulima na wafugaji, iyaone maisha yao.

Majirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa walifanya vivyo hivyo. Malawi ilihamisha mji wake mkuu kutoka Zomba kwenda Lilongwe mwaka 1975.

Na Dodoma yenyewe ni mahali gani? Ni nchi ya Wagogo. Si nchi ya mvua nyingi kama huku kwetu. Ni nchi kavu, yenye mibuyu na miiba. Wenyeji hulima uwele, mtama, karanga na zabibu, na hufuga ng'ombe. Zamani walijenga nyumba za tembe, zenye paa la udongo lililo bapa. Wazee wa huko husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji kijitoni, akazama matopeni. Watu walioona wakasema kwa Kigogo, "Idodomya", yaani amezama. Jina la Dodoma likatokea hapo.

Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma mwaka 1910, na kituo kikawa mji. Lakini reli haikuleta neema tu. Wakati wa Vita Kuu majeshi yalichukua nafaka, mifugo na watu wa Ugogo. Mvua nazo zilikosa. Ikaja njaa kubwa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya. Kwa hiyo Wagogo na Wapangwa wana jambo moja linalofanana. Wote waliwahi kuona njaa iliyoletwa na vita vya watawala.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mwalimu Nyerere alikwenda kijiji cha Chamwino, karibu na Dodoma, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Ikulu ya leo iko huko huko Chamwino.

Kazi ya kuhama ilitegemewa ichukue miaka 10. Haikuwezekana. Bei ya mafuta ilipanda. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula fedha nyingi. Uchumi ukawa mgumu. Bunge lilianza kufanya mikutano yake Dodoma mwaka 1996, lakini wizara zilibaki Dar es Salaam. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba sasa serikali inahama kweli. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia mwaka huo huo. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji, na sheria ikatungwa kuitambua kuwa makao makuu ya nchi. Wizara zimejengwa mahali paitwapo Mtumba. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jengo jipya la Ikulu ya Chamwino. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma.

Hesabuni wenyewe. Kutoka mwaka 1973 mpaka 2016 ni miaka 43. Mtoto aliyezaliwa siku ya uamuzi alikuwa ameshapata wajukuu, au anakaribia.

SHAMBA LA NANI?

Hapa ndipo tunapotaka mtege masikio.

Mji mkuu haukai hewani. Unakaa juu ya ardhi, na ardhi hiyo ilikuwa ya mtu. Tazameni majina ya sehemu za Dodoma: Ihumwa, Nzuguni, Ipagala, Nkuhungu, Ntyuka, Iyumbu. Mengi ya majina hayo ni ya Kigogo. Zamani huko kulikuwa na mashamba ya uwele, malisho ya ng'ombe na makaburi ya wazee. Leo kuna nyumba za ghorofa, ofisi na barabara za lami.

Mwaka 1973 iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kama CDA. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi na kupanga mji. Ilipanga barabara na viwanja, na mji ukapata sura. Lakini kwa miaka mingi wananchi walilalamika juu ya ardhi. Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja mamlaka hiyo, na kazi zake zikapelekwa halmashauri.

Hatusemi mji usijengwe. Mji unajengwa kwa faida ya wote. Tunasema hivi: mji unapokuja, mwenye karatasi na mwenye kumbukumbu husikilizwa. Asiye nazo hubaki kusema, "Hapa palikuwa petu", na hana cha kuonyesha.

Na urithi je? Nyumba ya tembe ikibomolewa, haina anayeijenga tena. Mzee akifa na jina la kilima, jina limekwisha. Lakini urithi ukitunzwa hudumu. Katika mkoa huo huo wa Dodoma, huko Kolo wilayani Kondoa, kuna michoro ya watu na wanyama iliyochorwa miambani zamani sana. Wenyeji wa karibu wameendelea kuiheshimu miamba hiyo na kufanyia mila zao hapo. Mwaka 2006 michoro hiyo iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Pia muziki wa Wagogo, wa zeze na ilimba, ulifika Ulaya na Asia kwa mikono ya Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003. Hakuacha ghorofa. Aliacha watoto na wanafunzi wanaojua kupiga.

TURUDI LUDEWA

Sasa tujibu lile swali. Mji mkuu unatuhusu nini?

Kwanza, ni wetu. Leo mtu wa Ludewa akipita Njombe, Makambako na Iringa, akavuka Bwawa la Mtera, amefika Dodoma. Bungeni kuna mahali pa wananchi kukaa na kusikiliza. Babu zetu hawakuwa na mahali hapo.

Pili, lililotokea Dodoma laweza kutokea kwetu. Hapa kwetu kuna chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma. Mwaka 2023 wananchi wanaopisha miradi hiyo walianza kulipwa fidia. Migodi ikifunguka, watu watakuja wengi. Nyumba zitajengwa, na bei ya ardhi itapanda. Kijiji kitakuwa mji. Na sisi tuna urithi wetu. Wazee wa Kipangwa waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe kabla ya mgodi wowote. Akina mama wa Kikisi hufinyanga vyungu kando ya ziwa. Nani anajua matanuri ya kuyeyushia chuma yalikuwa wapi? Wachache tu, na wamezeeka.

Basi tufanye mambo matatu, jamani, na yote yanawezekana kwa daftari moja na kalamu.

1. Tuandike. Keti na bibi au babu, muulize majina ya vilima, vijito na mashamba ya zamani. Andika maana yake. Andika makaburi ya ukoo yako wapi.

2. Tujue mipaka na haki zetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Mama naye ana haki hiyo sawa na baba. Na ardhi ikichukuliwa kwa faida ya wote, sheria inataka fidia iliyo kamili, ya haki, na kwa wakati. Ulizeni katika mkutano mkuu wa kijiji.

3. Tusome kabla ya kutia sahihi. Zamani tulibonyeza dole gumba kwenye karatasi tusiyoielewa. Leo tunajua kusoma. Karatasi ikiwa ngumu, omba muda, irudie, mwite jirani mwenye kisomo msome pamoja. Ukiharakishwa, kuwa mwangalifu zaidi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Kwa nini Wajerumani walipenda mji mkuu uwe pwani? Kwa nini sisi tuliutaka katikati ya nchi?

2. Katika kijiji chenu, ni jina gani la mahali ambalo vijana hawajui maana yake?

3. Mradi mkubwa ukija kesho, mtaonyesha nini kuthibitisha mpaka wa shamba lenu?

Jibuni swali la pili kwa kuandika, siyo kwa mdomo tu. Mkimaliza, daftari hilo liwekwe ofisi ya kijiji, mahali pasipovuja.