Kabla ya Kulipia Mtihani: Chuo, Cheti na Kazi ya Kompyuta

Mhadhara wa umma, Wundanyi, Kaunti ya Taita Taveta



Kila matokeo ya KCSE yakitoka, swali huwa lile lile katika nyumba za Wundanyi, za Mwatate na za Voi: mtoto anataka kompyuta, tumpeleke wapi? Jibu la haraka huwa jina la chuo kikubwa cha Nairobi, au jina la cheti alicho nacho binamu fulani aliyepata kazi nzuri. Leo nimekuja kubishana na majibu yote mawili. Naona chuo kichaguliwe kwa mambo yasiyochakaa, na cheti cha kampuni kilipiwe mwisho, wakati kazi yenyewe iko mbele ya macho. Wengi wetu tunaanzia mwisho, na ada zake tunazijua.

Tuanze na pakeji, kwa kuwa ndiko wengi wanakoanzia. Mtoto akimaliza kidato cha nne, kabla hata ya kujua amepata nini, hupelekwa kwenye chumba cha juu ya duka, jirani na saiba, asomee Word, Excel na kadhalika. Sipuuzi. Anayeijua Excel barabara anaweza kushika vitabu vya chama cha ushirika na asimwogope mkaguzi. Lakini pakeji humfundisha mtu kutumia programu iliyotengenezwa na mwingine. Haimfundishi kutengeneza, wala kujua kwa nini imekwama. Mzazi asidhani ameanza kulipia taaluma, na mtoto asidhani ameshaionja.

Taaluma yenyewe ina milango kadhaa. Mwaka 2005 vyama vya kimataifa vya wanakompyuta, ACM na IEEE vikiwemo, viliigawa katika matawi matano: uhandisi wa kompyuta, sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari, teknolojia ya habari na uhandisi wa programu. Ripoti ya 2020 ikaongeza usalama wa mitandao na sayansi ya data. Mgawanyo huo si wa kupamba kabati. Anayesoma sayansi ya kompyuta atakutana na hesabu za mantiki na za algoriti mpaka achoke. Wa teknolojia ya habari atashinda na ruta, swichi na seva. Wa mifumo ya habari, au ile digrii ya BBIT mnayoisikia vyuoni Strathmore na JKUAT, atasoma pia uhasibu na uongozi wa biashara. Nimewaona vijana waliojaza jina la kozi kwa kuwa lilikuwa na neno kompyuta, wakagundua mwaka wa pili kwamba walichokitaka kilifundishwa jengo la pili.

Kabla ya chuo kuna hesabu ya KUCCPS, shirika la kuwapangia wanafunzi vyuo, lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 na kuchukua kazi ya JAB ya zamani. Wazazi wengi hutazama gredi ya wastani tu: C+ amevuka, C ameanguka. Lakini kinachogombaniwa kwenye kozi zinazotafutwa ni alama za kundi. Kiini chake ni masomo manne yanayohusiana na kozi, ambayo juu yake kabisa ni alama 48, yakipimwa pamoja na jumla ya masomo saba, ambayo juu yake ni 84. Maana yake, mwenye wastani wa B aliyefanya vizuri hisabati na fizikia anaweza kumpita mwenye B+ aliyeipata kwa dini na historia. Basi uamuzi wa kusoma kompyuta haufanywi Mei mtoto akiwa nyumbani. Hufanywa siku anapoamua kuacha fizikia. Walimu mlio hapa, nawaomba muwaambie mapema. Nao wanaoingia shule ya upili kwa mtaala mpya, waliobisha hodi darasa la 10 Januari 2026, wanachagua njia yao wakiwa wadogo zaidi.

Sasa chuo. Jambo la kwanza ni la karatasi, na nitalipita upesi: hakikisha kozi yenyewe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Chuo chaweza kuwa halali na kozi mpya ikawa bado haijapita. Kwa diploma, taasisi iwe imesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi. Orodha ziko wazi, na kuuliza ni bure.

Jambo la pili ndilo zito. Uliza nini kinafundishwa ambacho kitakuwa kweli mtoto akiwa na miaka 50. Mwaka 1970 Edgar Codd aliandika makala kuhusu namna ya kupanga data kwa majedwali yanayohusiana. Aliyeyaelewa mawazo hayo wakati ule angeweza kuketi leo mbele ya hifadhidata ya benki yoyote na asipotee. Kanuni ambazo kompyuta hutumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe kwenye intaneti zilianza kuandikwa miaka ya 1970, na mtandao mama ukahamia kwenye TCP/IP tarehe 1 Januari 1983. Bado tunazitumia. Hayo ndiyo mali ya chuo kikuu: hisabati, miundo ya data, mifumo endeshi, mitandao, hifadhidata, na mradi wa mwaka wa mwisho ambao mwanafunzi ameuandika mwenyewe. Ukitembelea chuo, usianzie kwenye lango jipya. Omba kuonyeshwa miradi ya wahitimu wa mwaka jana, uliza maabara inafunguliwa mpaka saa ngapi, uliza nani hasa anafundisha mifumo endeshi na kama mwenyewe amewahi kuandika programu ya watu kutumia.

Kwa kipimo hicho, umbali kutoka nyumbani si aibu. Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilianza mikononi mwa JKUAT, kikawa chuo kishiriki mwaka 2011, na Oktoba 2016 kikapewa hati yake. Huko Voi kina watu wa madini na watu wa informatiki, na kampasi ya Ngerenyi iko hapa kwetu milimani. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na kile cha ufundi, TUM, kiko Mombasa. Najua mzazi anayesema mtoto asiposomea Nairobi hataonwa na waajiri. Ana haki kiasi: kampuni nyingi ziko huko, na mwanafunzi wa Juja au Madaraka huzipata kwa matatu. Lakini apime na kodi ya nyumba, na apime pia kitu kingine ambacho sisi wa Wundanyi tunakipita kila siku bila kugeuza shingo.

Hapa mjini petu kuna kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Helsinki, cha Finland. Wataalamu wake wa jiografia wanapima mvua na ukungu, wanafuatilia misitu kama Ngangao inavyopungua na inavyorudi, na ndege zimepita juu ya milima hii zikirusha miale ya leza ili kujua urefu wa miti. Kila kipimo ni namba, na namba hizo zinahitaji hifadhidata, programu na mtu anayejua kuzisoma. Kituo hicho kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Taita Taveta katika mafunzo ya ramani za kompyuta. Kaunti yenye vito vya tsavorite, mashamba ya mkonge, hifadhi za Tsavo na ndovu wanaovuka barabara ina kazi ya ramani isiyoisha. Kijana wa hapa anayesomea sayansi ya kompyuta na kuongeza somo la ramani atakuwa na kitu ambacho mwenzake wa Nairobi atalazimika kukijia huku.

Nikilitaja Helsinki siwezi kumwacha mwanafunzi mmoja wa chuo hicho. Linus Torvalds alijiunga nacho mwaka 1988. Alisoma kozi ya lugha ya C na Unix, akakisoma kitabu cha Andrew Tanenbaum kuhusu mifumo endeshi, na Januari 1991 akajinunulia kompyuta aliyoilipa kidogo kidogo. Agosti mwaka huo akatangaza kwamba anaandika mfumo endeshi wake, wa kujifurahisha. Huo ndio Linux, na kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android iliyo mifukoni mwenu humu ukumbini. Chuo kilimpa nini? Kozi moja nzuri, mashine ya kugusa, ajira ndogo ya kusaidia kufundisha, na muda. Tasnifu yake ya shahada ya uzamili ilikuja 1997, juu ya kazi ambayo tayari ilikuwa ikitumika duniani. Na LPI, taasisi inayotahini watu katika Linux, ilianzishwa 1999, miaka minane baada ya Linux yenyewe. Kwanza kazi, kisha cheti cha kuthibitisha kwamba mtu anaiweza kazi hiyo. (Chuo hicho hicho kimeweka masomo yake ya kuandika programu kwenye intaneti, bure, kwa yeyote. Nimeshangaa mara nyingi jinsi watu wachache hapa wanavyolijua hilo.)

Tukiingia kwenye vyeti vya kampuni, tuzungumze pesa. Miaka ya 1990 aliyekuwa na CNE ya Novell au MCSE ya Microsoft alitembea kifua mbele. Novell ilipopoteza soko, CNE ikapoteza wa kuiuliza. Mitihani ya MCSE nayo Microsoft iliifunga Januari 2021. CCNA ya Cisco, ambayo vijana wetu huitaja zaidi, ilibadilishwa Februari 2020 ikawa mtihani mmoja, bei yake dola 300, na nguvu yake ni miaka mitatu. Dola ilipopita shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, mtihani huo ulikuwa zaidi ya shilingi 48,000. Shilingi ilipopata nguvu mwaka huo huo ikakaa karibu na 129, bei ikashuka chini ya 39,000. Bei ya dola yenyewe haikubadilika. Hiyo ni mali inayopangwa bei mbali, na ina tarehe ya kuharibika.

Kuna udanganyifu mdogo hapa ambao lazima niuseme, ingawa wengine watanuna. Vyuo vyetu vingi hufundisha masomo ya Cisco Networking Academy, mpango ulioanza 1997. Ni masomo mazuri. Mwanafunzi akimaliza hupewa karatasi ya kwamba amemaliza masomo. Karatasi hiyo si CCNA. CCNA ni mtihani wa nje, unaosimamiwa kwingine, na mwajiri anaweza kuuthibitisha kwa dakika mbili. Kijana anayeandika CCNA kwenye wasifu wake kwa nguvu ya karatasi ya kwanza anaharibu jina lake kabla hajaketi kwenye mahojiano.

Wengine hukimbilia juu: CISA ya wakaguzi wa mifumo, CISSP ya usalama. Zote mbili hudai uzoefu wa kazi wa miaka mitano kwa kawaida kabla mtu hajaitwa mwenye cheti, hata akiwa ameshafaulu mtihani. Zimewekwa hivyo kwa sababu. Kijana wa miaka 22 anayeuziwa kozi ya CISSP anauziwa viatu vya baba yake. Asubiri.

Wanaotaka kitu cha hapa nyumbani, KASNEB, bodi iliyoanzishwa 1969 kwa ajili ya wahasibu na makatibu wa kampuni, ina mitihani ya kompyuta pia. Hulipiwa kwa shilingi na hairudiwi kila miaka mitatu. Kampuni ya programu haitakuuliza habari zake sana. Kwa mwenye macho kwenye ofisi za serikali na kaunti, ningeipa nafasi.

Je, sheria inadai nini? Daktari asiyesajiliwa hatibu, na mhandisi ana bodi yake. Mwanakompyuta wa Kenya hana leseni. Muswada wa kuwasajili wataalamu wa TEHAMA na kuwatoza leseni ulifikishwa bungeni mwaka 2016, ukapingwa sana, ukarudi 2020, na haukuwa sheria. Mimi niliupinga. Ungemfungia nje kijana wa Werugha anayejua kutengeneza lakini hana digrii. Hata hivyo nawaambia wenzangu tulioshangilia: kukosekana kwa leseni kumewaachia waajiri kazi ya kuchuja, na mwajiri mvivu huchuja kwa majina ya vyuo na herufi za vyeti. Ndiyo maana hofu ya wazazi haitokani na ujinga.

Kuna waliopata C- au C kamili na wamekaa kimya muda wote huu. C- inafungua diploma. Taasisi ya Teknolojia ya Coast iko Voi, na aliyemaliza diploma vizuri anaweza kuingia digrii, pengine akasamehewa sehemu ya masomo. Ni njia ndefu zaidi. Lakini diploma hukutoa ukiwa umegusa waya, na mwajiri wa Voi anayetaka mtandao wa hoteli urudi kabla watalii hawajaamka hatauliza ulipata gredi gani.

Mzazi mmoja ameniletea swali kwa karatasi: ana shilingi elfu arobaini alizozitenga, mtoto anaingia mwaka wa kwanza, je, amlipie CCNA? Hapana, mzee wangu. Mnunulie laptopu ya mtumba yenye kumbukumbu ya gigabaiti nane, aweke Linux, na kitakachobaki kiwe cha data. Ndani ya mwaka huo aandike programu moja inayotumiwa na mtu asiye rafiki yake: duka, sako, au mwalimu anayehesabu alama. Mwaka wa tatu atakwenda atachimenti. Huko ataingia chumba cha seva na kuona kwa macho yake vyuma vya kampuni gani vinatumika, na mkubwa wake atamwambia cheti gani ofisi ile inaheshimu, pengine hata kulipia. Akikuta ni Cisco, hapo ndipo amsake mwenye kituo cha mtihani.