Upepo Mmoja, Bahari Mbili: Mhadhara wa Umma kuhusu Hali ya Hewa na Bahari ya Pwani Yetu



Hoja yangu naiweka mezani mapema ili msipate taabu ya kuitafuta. Utabiri wa upepo, hata ukiwa sahihi, haujamwambia msafiri hali ya bahari atakayoikuta. Bahari ya siku fulani, mahali fulani, huamuliwa na mambo matatu yanapokutana: msimu wa mwaka, umri wa mwezi na saa ya siku. Taarifa inayotaja moja au mawili kati ya hayo humwachia msikilizaji kumalizia hesabu mwenyewe, na hesabu hiyo ikikosewa watu hufa. Nitayaeleza yote matatu, nitayaunganisha kwa mfano wa bahari iliyo kati ya Unguja na bara, kisha nitasema kazi iliyo mbele yetu.

Msimu

Kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba pwani ya Tanzania na Kenya huwa chini ya kusi, upepo utokao kusini-mashariki. Nguvu yake hufikia kilele kati ya Juni na Agosti, wakati wa kipupwe. Kuanzia Desemba hadi Februari zamu ni ya kaskazi, linalotoka kaskazini-mashariki, na kwa kawaida ni hafifu kuliko kusi. Kati ya zamu hizo mbili pepo hugeuka, na katika kipindi hicho cha maleleji bahari huweza kulala kwa siku kadhaa. Ukanda ambamo pepo za kaskazini na kusini mwa dunia hukutana hulifuata jua, na hupita juu yetu mara mbili kwa mwaka. Kwa sababu hiyo tuna masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba.

Chini ya pepo hizo zinazobadilishana kuna jambo lisilobadilika. Maji ya nje ya pwani ya Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima. Kusi hufuatana nayo na kuyaongezea kasi; kaskazi huyapinga. Upepo unapokwenda kinyume na mwendo wa maji, mawimbi hukaribiana na migongo yake husimama wima. Kaskazi la wastani linaweza hivyo kukipa chombo kidogo taabu ambayo kasi yake peke yake haiielezi.

Wazee wetu waliyajua haya na wakayawekea kalenda. Mwaka wa mwezi, wenye siku 354 au 355, hauwezi kushika msimu. Kila mwaka unarudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja. Kwa hiyo watu wa pwani walihesabu siku za pepo na kilimo kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka ambayo Makunduchi bado huiadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Siku 365 ziligawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, zikabaki tano. Nahodha alijua chombo kiondoke katika mwongo upi na kirudi katika mwongo upi. Mwezi nao haukuachwa. Jua lilitumika kuhesabia pepo, mwezi ukatumika kuhesabia maji, na baharia aliyekosa moja kati ya kalenda hizo alikuwa na nusu ya elimu.

Mwezi

Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kati ya kujaa kumoja na kwingine hupita takriban saa kumi na mbili na dakika 25, kwa hiyo ratiba husogea mbele kiasi cha dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wa mwezi na wa jua hushika mstari mmoja, na hapo tunapata bamvua. Unguja, tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita nne. Wiki moja baadaye mvuto wa miili hiyo miwili hupingana na tunapata maji mafu, yenye tofauti ndogo kuliko hiyo mara kadhaa.

Wengi wanaoishi ufukweni wanayajua hayo. Linalosahaulika ni kwamba bamvua ina saa zake. Hapa Unguja maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Ndiyo sababu akina mama wa Paje na Jambiani huwa kwenye mashamba ya mwani saa za asubuhi kila bamvua, na wachokozi wa pweza huwa juu ya mwamba wakati huohuo. Wakati wa maji mafu ratiba hugeuka: maji hujaa karibu na saa nne na kupwa karibu na saa kumi. Mpangilio huu hurudi mwezi baada ya mwezi, na anayejua umri wa mwezi anaweza kuukisia bila jedwali.

Saa ya siku

Usiku ardhi hupoa haraka kuliko bahari. Kabla ya mapambazuko hewa iliyopoa huteremka kutoka nchi kavu kwenda baharini, na huo ndio umande unaoisukuma ngalawa nje alfajiri. Jua likipanda, ardhi hupata joto, hewa yake huinuka, na hewa ya baharini huingia kujaza pengo. Upepo huo wa bahari hupata nguvu mchana na kwa kawaida huwa na kasi zaidi alasiri.

Umande na upepo wa bahari havifuti pepo za msimu, hujumlishwa nazo. Katika kipupwe alfajiri ya Dar es Salaam au Bagamoyo inaweza kuwa tulivu, upepo ukitoka nchi kavu taratibu, kumbe saa nane mchana kusi na upepo wa bahari vimeungana. Mvuvi aliyeiangalia bahari saa kumi na moja alfajiri akaiona shwari hakudanganyika. Ameiona bahari ya saa ile, na atakayoikuta akirudi ni nyingine.

Yanapokutana

Sasa tuyaweke matatu haya katika Mkondo wa Unguja. Bahari hii ina kina kifupi, kwa sehemu kubwa hakizidi makumi machache ya mita, tofauti na Mkondo wa Pemba ambao kina chake hufikia mamia ya mita. Ina milango miwili, wa kaskazini upande wa Nungwi na wa kusini. Maji yanapojaa huingia kwa milango yote miwili, na yanapokupwa hutoka kwa milango yote miwili.

Chukueni siku ya Julai, bamvua, saa nane mchana. Kusi linavuma kuelekea kaskazini na liko karibu na kilele chake cha siku. Maji, yaliyokupwa saa nne asubuhi, yanajaa kwa kasi. Katika mlango wa kusini yanaingia yakielekea kaskazini, yaani yanafuatana na upepo. Katika mlango wa kaskazini yanaingia yakielekea kusini, yaani yanakutana na upepo uso kwa uso. Upepo ni mmoja na saa ni moja, lakini bahari ni mbili, na ya Nungwi ndiyo yenye mawimbi mafupi ya kusimama.

Sogezeni siku saba. Ni maji mafu, saa nane mchana, kusi lilelile. Safari hii maji yanakupwa. Kaskazini yanatoka pamoja na upepo; kusini yanatoka kinyume chake. Ukorofi umehamia mlango wa pili, ingawa kwa nguvu ndogo kwa kuwa maji mafu hayana kasi ya bamvua. Mtangazaji wa redio anaweza kusoma taarifa ileile ya upepo kwa siku zote mbili, na asiwe amekosea hata neno moja.

Nimeeleza kanuni ya jumla. Matumbawe, visiwa vidogo na mafungu ya mchanga huipinda kila mahali, na hapo elimu ya nahodha wa mahali hapo haina mbadala. Lakini bila kanuni hiyo, jedwali la maji na taarifa ya upepo vinabaki karatasi mbili zisizozungumza.

Namba na masikio

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari zake kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kwa rangi ya njano, ya machungwa na nyekundu. Maneno yaliyozoeleka ni upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayozidi mita mbili. Namba hizo zinahitaji ufafanuzi ambao haupewi nafasi.

Kwanza, kimo cha mawimbi kinachotangazwa ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Bahari iliyotabiriwa mita mbili itatoa mawimbi mengi madogo kuliko hapo, na ndani ya saa chache itatoa moja au mawili yanayokaribia mita nne. Chombo hakipinduliwi na wastani. Pili, nguvu haiongezeki hatua kwa hatua sawa na namba. Upepo wa kilomita 40 kwa saa husukuma tanga mara nne ya ule wa kilomita 20, na wimbi la mita mbili lina nishati mara nne ya lile la mita moja. Tatu, mita mbili kwa meli ya mizigo ni kazi ya kawaida, kwa boti ya abiria ni safari ya kutapika, na kwa ngalawa ni swali la uhai. Taarifa moja haiwezi kuwatosha wote.

Tukumbuke pia kwamba misiba mikubwa ya bahari yetu haikusubiri tufani. MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam. Zote mbili zilikuwa katika miezi ya kusi. Chombo kilichojazwa kupita kiasi hunyang'anywa akiba yake ya usalama, na bahari ya kawaida ya msimu hutosha kukimaliza.

Tufani

Tufani ni nadra kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia haupi hewa msokoto wa kutosha. Nadra haina maana ya haiwezekani. Unguja ilipigwa Aprili 1872 na mikarafuu yake mingi ikaangamia. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Tufani Kenneth ilitua Cabo Delgado Aprili 2019, jirani kabisa na Mtwara. Hidaya ilifika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024. Tazameni miezi hiyo: ni Aprili na Mei, maji yakiwa bado na joto la kiangazi na pepo za msimu zikiwa hazijakaa sawa. Kipindi ambacho desturi yetu imekizoea kwa mvua na bahari iliyolala ndicho pia chenye hatari hii, na kalenda mpya ya usalama lazima ikiandike hivyo.

Kazi iliyo mbele

Utabiri unaweza kukosea kwa njia mbili: kukaa kimya siku ya hatari, au kuonya siku ambayo bahari ilitulia. Kosa la kwanza huua. La pili humnyima mvuvi riziki ya siku, na likirudiwa mara nyingi humfundisha kutosikiliza, kisha nalo huua. Makosa yote mawili hupungua pale utabiri unapolinganishwa na kilichotokea, na kilichotokea kinajulikana dikoni, vyombo vya uvuvi vinakofikia, kuliko ofisini.

Kwa hiyo natoa maombi matatu. Kwa mamlaka za hali ya hewa: taarifa ya bahari itolewe kwa kila mlango na kwa kila aina ya chombo, na saa za upepo ziwekwe bega kwa bega na saa za maji, ili msikilizaji aambiwe, kwa mfano, kwamba vyombo vidogo visipite Nungwi kati ya saa sita na saa kumi. Kwa madiko: kila bwana diko aandike kila siku upepo ulivyokuwa, bahari ilivyokuwa, na vyombo vingapi viliahirisha safari. Daftari moja na kalamu vinatosha kuanza. Kwa chuo hiki: wanafunzi wetu wapelekwe wakayakusanye madaftari hayo, wayalinganishe na utabiri, na majibu yarudishwe dikoni kwa Kiswahili kabla hayajaandikiwa jarida lolote.

Kwenu manahodha na wavuvi sina la kuwafundisha kuhusu mahali penu. Nawaomba tu jambo moja. Mkisikia utabiri wa upepo, msiondoke kabla ya kuuliza mwezi una siku ngapi na maji yatakuwa yanakwenda wapi saa mtakayopita mlangoni. Jibu likiwa kwamba maji yatakutana na upepo uso kwa uso, subirini yageuke. Ni kungoja kwa saa sita hivi tu, au pungufu.