KIGARI CHA UMEME NA NAMBA ZA KWELI

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya kamati za sharika na wahisani



Tumeombwa tueleze habari za kigari cha umeme kilichoundwa na vijana wa chuo chetu cha ufundi. Wengi wenu mmekiona pale uani mlipokuwa mkiingia, na tumewasikia mkiulizana, "Hivi kinakimbia kiasi gani?" Swali hilo ndilo lililotufundisha kuliko yote. Leo tutalijibu bila kuficha kitu.

Kwanza, kwa nini kigari? Pikipiki na bajaji za umeme zinaongezeka mijini. Fundi wa kesho asiyejua mota na betri atakosa kazi. Katika kigari kimoja kijana hujifunza kuchomelea, kufunga nyaya, kupanga gia na kupiga hesabu. Fremu ni ya mabomba ya mraba, magurudumu ni ya toroli, usukani umetokana na vyuma chakavu. Tulichonunua ni mota ya wati 1,000, kidhibiti chake, na betri nne za volti 12 zilizounganishwa kupata volti 48.

Sasa tuje kwenye kasi. Vijana walihesabu hivi: mota huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Gia ya mota ina meno 11 na ya ekseli ina meno 66, kwa hiyo ekseli huzunguka mara 500. Gurudumu lina kipenyo cha sentimita 40, na kila likizunguka mara moja kigari husogea mita 1.26. Mara 500 ni mita 630 kwa dakika, yaani kilomita 37.8 kwa saa. Hesabu ilikuwa sahihi. Sisi ofisini tukaona 40 inapendeza zaidi, tukaiandika kwenye andiko la mradi na kuituma kwa wahisani.

Siku ya majaribio tulipima mita 50 katika uwanja wa changarawe. Kigari kilianzia mbali ili kifike kwenye alama kikiwa kimeshika kasi. Tulikipima kwenda na kurudi, na wastani ulikuwa sekunde 7.2. Hiyo ni kilomita 25 kwa saa.

Vijana walinyong'onyea. Mwalimu wao akawaketisha chini wahesabu kwa njia ya pili. Kigari pamoja na dereva kina uzito wa kilo 180 hivi. Kwenye changarawe magurudumu hukinzwa kwa nguvu ya newton 90 hivi, na juu yake kuna upepo, ambao ukinzani wake huongezeka upesi kadiri mwendo unavyoongezeka. Ili kwenda kilomita 38 kwa saa, magurudumu yangehitaji karibu wati 1,500. Mota ina wati 1,000, na cheni na beringi hula zaidi ya sehemu ya kumi. Zinazobaki zinatosha kwa kilomita 27 hivi. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba gia huonyesha mwendo ambao kigari kingefikia kama mota ingekuwa na nguvu ya kutosha. Uwanja ndio unaoonyesha kilichopo.

Kukaja kishawishi. Vijana wakaomba betri ya tano ili wafikie 40 iliyoandikwa. Nasi, tukiri mbele yenu, tulilifikiria ombi hilo kwa muda mrefu, maana tuliona aibu kwa ajili ya ile ripoti. Lakini volti 60 zingeweza kuunguza kidhibiti cha volti 48. Na kulikuwa na jambo kubwa zaidi, nalo ni breki. Tulikuwa tumefunga breki za baiskeli. Katika mwendo wa 25, kigari kilikwenda mita 14 ndipo kikasimama, kikiwa karibu kabisa na ua wa miiba, na dereva wake ni mtoto wa mtu. Umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa mwendo. Kwa breki zilezile, katika mwendo wa 38 kingehitaji mita 32. Ua ule usingekuwa mbali kiasi hicho.

Fedha iliyokuwepo ilitosha kitu kimoja tu. Tulinunua breki ya diski ya pikipiki. Sasa kigari husimama ndani ya mita 8. Kisha tuliwaandikia wahisani: tuliahidi 40, kwa hesabu tulipata 38, kwa saa tumepata 25, na fedha iliyobaki imekwenda kwenye breki. Ilikuwa barua ngumu kuiandika. Wahisani walitujibu kwa upole, wakaomba ripoti zijazo nazo ziwe na namba zilizopimwa.

Wapendwa, katika Luka 14 Bwana Yesu anamtaja mjenzi wa mnara anayeketi kwanza na kuhesabu. Sisi tulihesabu, ila tukasahau kupima. Je, sharika zetu ziko mbali na hapo? Tunaandika kwamba tangi litahudumia kaya kadhaa, kwamba ng'ombe atatoa lita kadhaa, na mwaka unapokwisha tunarudia namba ileile ya andiko.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Kuanzia robo mwaka ijayo, kila kamati iweke safu mbili kwenye ripoti yake: tuliyokadiria na tuliyopima. Namba ya pili ikiwa ndogo, msiione aibu. Iandikeni, na muandike sababu yake. Wahisani wetu nao tunawaomba msiipe thawabu namba kubwa kuliko namba ya kweli.

Baada ya chakula, vijana watawaonyesha kigari kikikimbia, na pia watawaonyesha kikisimama.