Majina Yaliyotoka Midomoni mwa Watu: Mitaa ya Jiji la York



Usiku wa leo nataka tuusome ushahidi wa kihistoria ambao mtu yeyote anaweza kuusoma bila kuomba kibali cha kuingia hifadhi ya nyaraka. Ni vibao vya mitaa katika jiji la York, kaskazini mwa Uingereza. Nashikilia kwamba majina yale yametunza habari za watu ambao waandishi wa zama zao hawakuona haja ya kuwaandika. Ila jina, kama shahidi yeyote mahakamani, ni lazima lihojiwe kabla ya kuaminiwa.

Linalomtatiza mgeni kwanza ni neno *gate*. Kwa Kiingereza cha leo ni lango. Hata hivyo Micklegate, Stonegate na Goodramgate ni barabara, na malango halisi ya ukuta wa jiji huitwa *bar*. Ndiyo maana liko lango liitwalo Micklegate Bar, mahali Micklegate inapokutana na ukuta. Chanzo cha haya ni mwaka 866, jeshi la Waskandinavia lilipouteka mji huu ambao Warumi waliuasisi mwaka 71. Utawala wao, uliokatizwa mara kadhaa, ulikoma mwaka 954 alipofukuzwa mfalme Eric. Haukufika hata karne moja, lakini maneno yao yalibaki vinywani mwa watu. *Gata* kwao ilikuwa barabara. Micklegate ni barabara kuu, na Goodramgate inabeba jina la mtu, Guthrum. Tusidhani kila jina la namna hii limetoka kwa Waskandinavia wenyewe. Neno lilishakuwa la wenyeji, nao waliendelea kulitumia kuita njia mpya karne nyingi baadaye.

Nitakaa zaidi Coppergate. Mwingereza akilisikia jina hili leo, hufikiria shaba. Wanaisimu walieleza vingine: ni barabara ya wakereza vikombe, mafundi waliochonga vikombe na mabakuli ya mti kwa keezo. Maelezo hayo yalitokana na kulinganisha maumbo ya zamani ya jina katika hati, kazi ambayo Jumuiya ya Majina ya Mahali ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1923, imeifanya mkoa kwa mkoa. Kisha kuanzia mwaka 1976 hadi 1981 wanaakiolojia wa York walichimba hapo Coppergate. Udongo wa pale ni wa majimaji, hewa haipenyi, na kwa hiyo vitu ambavyo kwa kawaida huoza vilikuwa bado vizima: kuta za nyumba za mbao, viatu vya ngozi, nguo. Humo walikuta mabakuli, na pamoja nayo vile vipande vya katikati ambavyo fundi huvitupa akimaliza kukomba bakuli. Yalikuwa mabaki ya karakana, yameachwa palepale kazi ilipofanyika. Hakuna mwandishi wa karne ya 10 aliyetaja jina la fundi hata mmoja wa barabara ile. Majirani zao ndio waliowataja, kila walipoelekezana njia. Sijui thibitisho la kuvutia zaidi la jina la mtaa popote Uingereza, na kwangu linatosha kuwanyamazisha wanaoiona taaluma hii kuwa ni ubashiri.

Coney Street inadanganya kwa namna ileile. Neno *coney* ni sungura, lakini hati za karne ya 13 zinaonyesha wazi kwamba ilikuwa barabara ya mfalme.

Jubbergate inadai sauti ya chini zaidi. Umbo lake la kale ni Bretgate, barabara ya Wabritoni, wenyeji wa kisiwa kile kabla ya Waingereza. Baadaye likatanguliwa na silabi inayowataja Wayahudi, waliokuwa na makazi eneo hilo. Mwezi Machi mwaka 1190 Wayahudi wa York walikimbilia mnara wa ngome ya mfalme, mahali unaposimama leo Clifford's Tower. Umati ukawazingira. Watu wapatao 150 walikufa. Wengi waliona heri kujiua kuliko kuangukia mikononi mwa wale waliowangoja nje. Kisha wauaji wakaenda kanisa kuu, wakachoma hati za madeni. Wayahudi wengine walirudi kuishi mjini, hadi Edward wa Kwanza alipowafukuza Wayahudi wote Uingereza mwaka 1290. Nje kidogo ya ukuta pakabaki jina Jewbury. Wachimbaji walipofika pale miaka ya 1980, kabla ya ujenzi wa duka, walikuta mifupa ya watu karibu 500. Palikuwa makaburi ya Wayahudi. Mifupa ilizikwa upya, kama ilivyostahili. Karibu karne saba bila kaburi kuonekana, na jina lilikuwa bado likisema ni nani amelala pale.

Si kila jina liliachwa liseme. Grape Lane, kichochoro kinachosikika kama njia ya zabibu, katika hati ya mwaka 1329 kina jina lililotaja biashara ya makahaba kwa maneno ambayo sitayarudia mbele ya wazee. Watu wa baadaye walilitakasa kwa kubadili herufi chache. Nawaelewa, lakini kwa kubadili huko wanawake wale waliondolewa katika alama ya pekee waliyoachiwa.

Majina hayo yote yalitoka midomoni mwa watu, lakini mwaka 1847 sheria ya Bunge ya kuboresha miji iliweka mambo ya majina ya mitaa na namba za nyumba mikononi mwa mamlaka za miji. Kabla ya hapo, York ilikuwa imeshaonja majina ya ofisini. Katika miaka ya 1830 nyumba nyingi zilibomolewa katikati ya mji ili kupata soko pana, kwa idhini ya Bunge, na barabara mpya ikaitwa Parliament Street. Jina hilo linamtaja aliyetoa idhini, halitaji waliobomolewa. Jubbergate ilikatwa na mradi huo, na sehemu yake nyingine ikapewa jina jipya, Market Street. Kilichobaki cha Jubbergate ni kipande kifupi, ambacho mtu hukivuka kwa hatua chache akielekea sokoni.