Unajuaje? Hotuba kwa Wahitimu Waliosoma Wakiwa Kazini



Nimealikwa nizungumze nanyi, wahitimu, kama mwigizaji, na kama mtu aliyerudi kusoma akiwa tayari ana kazi, ana familia na ana watu wanaomtegemea. Nikiwatazama hapa mbele naona mafundi, wapishi wa hoteli, waongoza watalii, wapiga picha na wasanii wenzangu. Wengi wenu mlianza masomo haya mkiwa mmeshatumikia kazi zenu kwa miaka. Mmesoma usiku baada ya zamu. Mmeandika ripoti watoto wakiwa wamelala. Mmekusanya ushahidi wa kazi zenu huku kazi zenyewe zikiendelea kuwadai. Kwa sababu hiyo sina haja ya kuwaeleza umuhimu wa kufanya kazi kwa bidii. Mnaujua kuliko mimi. Nina jambo moja tu la kusema nanyi: kazi inamfundisha yule anayeisimamisha, akaitazama, akaiuliza maswali, na akakubali majibu yake.

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Ni kweli. Lakini sisi waigizaji tuna shida moja ambayo kuona peke yake hakuitatui. Seremala akimaliza kiti, kiti kinabaki. Anaweza kukigeuza, akakitikisa, akaona kiungo kilicholegea. Mwigizaji akishuka jukwaani habaki na kitu cha kutikisa. Watazamaji wamekwenda zao, taa zimezimwa, na kilichobaki ni kumbukumbu yake mwenyewe, ambayo mara nyingi humpendelea. Ndiyo maana mtu anaweza kucheza nafasi za baba mkali kwa miaka mingi, sauti ileile, kidole kilekile hewani, akaamini kwamba anazidi kukomaa. Naamini hata katika fani zenu lipo jambo la namna hiyo: mkono unaozoea, na mwenye mkono asijue tena kwa nini unafanya vile unavyofanya.

Wengi wa kizazi changu tulijifunzia sanaa ndani ya vikundi. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ya 1990, vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT vikishindana kujaza kumbi. Usiku mmoja ulikuwa na ngoma, sarakasi, kichekesho, maigizo na taarabu, na mtazamaji aliyefurahi aliinuka kwenda kutuza. Maigizo mengi ya vikundi vyetu hayakuwa na mswada. Kiongozi alieleza kisa, nafasi zikagawanywa, tukajaribu, tukarekebishana, na maneno mengine yalizaliwa jukwaani mbele ya watu. Baadaye televisheni ilipokuja, Kaole Sanaa Group ikawa darasa la waigizaji wengi, marehemu Steven Kanumba miongoni mwao, ambao ndio waliokuja kuijenga biashara ya filamu za Kiswahili.

Nasimama hapa kuisifu shule ile. Ilitufundisha kusikilizana, kwa sababu bila mswada usipomsikiliza mwenzako umekwama. Ilitufundisha kumsoma mtazamaji, kujua lini achekeshwe na lini aachwe apumue. Mtu asije akawaambia kwamba ujuzi uliopatikana kwa njia hiyo ni ujuzi wa kubahatisha. Ulikuwa na walimu, ulikuwa na mazoezi, na ulikuwa na mtihani mkali kuliko wowote: ukumbi uliojaa watu waliolipa kiingilio.

Pamoja na hayo, kuna mahali shule ile iliishia. Kijana alipomuuliza mkubwa wake, "Umefanyaje pale?" jibu lilikuwa, "Nitazame." Alitazama, akaiga, na aliyekuwa na kipaji alifanikiwa. Lakini sababu ya kufanya vile ilibaki kwa mwenyewe, na mara nyingi hata mwenyewe hakuwahi kuitafuta.

Nilipoanza kusoma nikiwa kazini, msimamizi wangu aliniuliza swali fupi ambalo tangu hapo sijaachana nalo. Nilikuwa nimemweleza kwamba onyesho letu lilikuwa limewagusa watu. Akauliza, "Unajuaje?" Nikasema walipiga makofi. Akauliza kama watu hupiga makofi kwa kuguswa tu. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa ananifungulia mlango. Kuanzia siku ile nilianza kuweka daftari la kazi: baada ya kila onyesho niliandika nilichokusudia, kilichotokea, na nilichokiona kwa macho yangu kama dalili. Niliomba waigizaji wenzangu waseme walichokiona. Nilisikiliza rekodi za sauti yangu. Nilikwenda kuongea na watazamaji, nikaacha wazungumze bila kuwaongoza.

Ninyi mmepita humo humo. Jalada la kazi mlilolikusanya, picha, ripoti, barua za wateja, maoni ya wasimamizi wenu, lilikuwa na shabaha moja: kuwafanya mjibu swali la "unajuaje" kwa kitu kinachoweza kuonekana na mtu mwingine.

Niwape mfano wa mtu aliyelijibu swali hili kabla yetu. Mwaka 1906 Konstantin Stanislavski alikuwa mwigizaji na mwongozaji mwenye jina kubwa nchini Urusi, mmoja wa waasisi wawili wa Ukumbi wa Sanaa wa Moscow ulioanzishwa mwaka 1898. Kikundi chake kilikuwa kimetoka kwenye ziara ya Ulaya iliyosifiwa sana. Akiwa mapumzikoni Finland majira yale ya joto, alianza kuzipitia nafasi alizozicheza, ikiwemo ile ya Daktari Stockmann katika tamthilia ya Henrik Ibsen, nafasi iliyompa sifa nyingi. Akagundua kwamba mwili wake ulikuwa unaendelea kufanya yale yale, lakini hisia zilizoyazaa mwanzoni hazikuwepo tena. Akarudi kwenye madaftari yake, kwani alikuwa na mazoea ya kuandika kumbukumbu tangu ujana wake. Akauliza: kwa nini siku fulani nafasi inaishi na siku nyingine inakufa? Mwigizaji afanye nini ili asingojee bahati? Kutokana na maswali hayo ulizaliwa mfumo wa mafunzo ambao mpaka leo unafundishwa katika vyuo vya uigizaji duniani kote. Darasa lake lilikuwa kazi yake mwenyewe. Kitabu chake cha kwanza cha kiada kilikuwa daftari lake.

Hatuhitaji kwenda Moscow kuliona jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba, walifanya kazi ya sanaa za maonyesho katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na igizo lililokwisha kutungwa. Wanakijiji walishiriki kuyataja matatizo yao, wakayachambua, wakatunga maonyesho kwa ngoma na maigizo wanayoyajua, wakayaonyesha, kisha wakayajadili wapate la kufanya. Kutafiti, kuchambua, kutenda, kujadili, kuchukua hatua. Wahitimu, hebu zikumbukeni hatua za mradi wenu wa kazi. Ni zile zile. Elimu mliyoipata ina mizizi katika ardhi hii.

Kwangu mimi kazi ile ya Malya ilikuja kuwa na maana kubwa. Katika mradi wangu wa masomo nilichagua kuchunguza mjadala unaofuata baada ya onyesho kijijini. Wanawake walikuwa wanacheka, wanalia, wanaitikia wakati wa igizo. Lakini mjadala ukianza, wananyamaza. Ndani ya kikundi chetu tulikuwa na jibu tayari: ni mila. Unajuaje? Nikaenda kuwauliza wenyewe, majumbani kwao na kisimani. Wakanieleza mambo ya kawaida kabisa. Mjadala unaanza saa ya kuteka maji na kuinjika chungu. Viti vya mbele vimekaliwa na wazee, na mwanamke hawezi kusimama kuzungumzia jambo kama mimba ya binti mbele ya mkwe wake. Na kipaza sauti kikishapita kwa wanaume kwanza, la kusema linakuwa limeshasemwa.

Tukabadili. Onyesho likaanza mapema. Baada yake watu waligawanyika kwa makundi, wanawake kwa wanawake, vijana kwa vijana, na kila kundi likarudi na jibu lake kwa kuliigiza. Wanawake wale tuliowadhania kuwa wamefungwa na mila walituonyesha mambo ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameyafikiria. Na nilipokaa kusoma maandishi ya waliotutangulia, nilikuta swali langu lina historia, lina watu walioliwaza, na lina majina ya kuliitia. Hiyo ndiyo faida ya kuyaoanisha maandishi na kazi: unaacha kuwa peke yako na tatizo lako.

Sasa niseme kuhusu cheti, maana ndicho kilichowavalisha majoho leo. Nchini mwetu mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Fundi aliyejifunzia gereji, jikoni au kwenye ujenzi anapimwa kwa kile anachokijua, anafundishwa pale penye pengo, kisha anapewa cheti. Napenda busara ya utaratibu huo. Unaanza na heshima: unakubali kwamba mtu huyu hakuja mtupu. Cheti hakikuwapa ninyi ujuzi. Mwingi mlikuwa nao. Kimewapa uwezo wa kuusimamisha ujuzi huo mbele ya mtu asiyewajua, akauamini. Mwajiri mpya, benki, mteja wa nchi jirani, wote hao hawakuwaona mkifanya kazi. Leo wana pa kuanzia.

Lakini wapo wengine wanaoungojea ujuzi wenu, nao hawatauliza cheti. Ni wanaokuja nyuma yenu. Japani, karne ya 15, alikuwepo mwigizaji aitwaye Zeami, bingwa wa maigizo ya Noh. Aliandika mafunzo aliyoyapokea kwa baba yake pamoja na yale aliyoyaona mwenyewe jukwaani: mwigizaji wa miaka saba afundishweje, wa ujana ajihadhari na nini, aliyepita miaka hamsini acheze vipi. Maandishi yale yalitunzwa kama siri ya ukoo mpaka yalipochapishwa mwaka 1909. Fikirini ni waigizaji wangapi walizeeka bila kuyaona.

Sisi nasi tulikuwa na bingwa wetu, marehemu Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyetutoka Agosti 2018 baada ya kuigiza tangu utotoni. Filamu zake tunazo, na tunacheka mpaka leo. Filamu inatuonyesha alichofanya. Haituelezi alijuaje kwamba pale anyamaze kidogo kabla ya kutamka neno, au kwa nini alimtazama mwenzake kwanza ndipo akawatazama watu. Jungu kuu halikosi ukoko, na nchi hii ina majungu makuu katika kila fani, yaliyo hai, yanayopita mitaani tukiyasalimia. Ninyi mmefunzwa kuuliza na kuandika. Nendeni mkakae nao.

Nina maombi matatu kwenu, wahitimu. La kwanza, msiliache daftari. Chuo hakitawadai tena, jidaini wenyewe. La pili, mtafute mtu mmoja katika fani yenu mtakayemruhusu awaulize "unajuaje" bila kumnunia. Awe mkubwa au mdogo wenu, haidhuru. La tatu, kijana akiwauliza mmefanyaje, msimwambie awatazame tu. Mwelezeni sababu. Mkishindwa kuieleza, hapo ndipo mtakapojua mna somo jipya la kujifunza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwako nina ombi moja. Ujuzi wa sanaa unapopimwa, wanaoupima wawemo wasanii waliobobea, hata kama walijifunzia vikundini. Na milango ya kufundisha vyuoni ifunguliwe kwao kwa njia hii ya kuutambua ujuzi wao. Wapo watu ambao darasa la saa moja kwao lina thamani kubwa kwa mwanafunzi, na umri hauwasubiri.

Waajiri mliowaruhusu watu wenu wasome, mmefanya jambo jema. Mtaliona katika kazi. Wazazi, wake, waume na watoto, mlikula chakula cha jioni bila mwenzenu, mkapunguza sauti ya redio ili mtu asome. Joho hili lina sehemu yenu, na naomba wahitimu wasimame wawapigie makofi watu wao.

Wahitimu, hongereni sana. Mmethibitisha kwamba mtu anaweza kuwa mwanafunzi wa kazi yake mwenyewe bila kuiacha. Kesho mnarudi kazini mkiwa mmebeba wajibu mkubwa kuliko mliokuja nao, na nina imani kamili kwamba mtautimiza. Mungu azibariki kazi za mikono yenu.