Kipakatalishi Kikichemka, Kisitupwe



Mwanafunzi anajaza fomu ya mkopo wa HELB, siku ya mwisho, usiku. Kipakatalishi kinachemka, feni inavuma, mara kinazima. Hakijafa. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi. Joto likizidi, mashine hujizima isije ikaungua.

Mara nyingi chanzo ni vumbi na hewa iliyozibwa. Vipakatalishi vingi huvuta hewa kutoka chini, na godoro au blanketi huziba matundu hayo. Kiwekeni mezani, kisha inueni upande wa nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa za soda. Hewa itapita.

Anayetaka zaidi achukue ubao mwembamba, autoboe tundu pana, na chini yake afunge feni ndogo ya volti 5 inayotumia umeme wa USB, ikipuliza juu.

Kabla ya kutoa vumbi, zimeni mashine, chomoeni chaja, shikilieni feni isizunguke, kisha tumieni brashi laini.

Msiweke barafu, unyevu wake huingia ndani. Dawa ya meno nayo haishiki nafasi ya grisi ya prosesa, kwani hukauka upesi.

Betri ikivimba, ubunifu wa nyumbani uishie hapo. Msiichaji wala kuitoboa. Yaweza kuwaka moto watoto wamelala. Mpelekeeni fundi.